Kutoa makinda wa kurusha ili upate mrushaji aliyekomaa: nasema Detroit hawakukosea 1987

MPWA WA LANSING (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Najua wengi hapa ni watu wa Simba na Yanga, ila tupo wachache tunaofuatilia besiboli, na wengine mko huku huku Marekani mnajifanya hamuioni. Leo nawaletea ugomvi.

Huku Michigan ni baridi, ligi imelala, na midomo yote iko kwenye jambo moja: Tigers, timu ya Detroit, wamuuze Tarik Skubal au wakae naye? Jamaa kachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, na baada ya msimu wa 2026 anakuwa mchezaji huru. Ukimtoa sasa utaletewa makinda. Ukikaa naye unaweza kumwona anapanda ndege na mabegi yake.

Mimi nalitazama swali kutoka upande wa pili, wa yule anayetoa makinda. Je, ni kosa kutoa vijana wenye mikono ya moto ambao hawajaonja ligi kuu, ili upate mtu mzima ambaye ukimpa mpira Ijumaa unajua utapata ngwe saba safi? (Kwa wageni: mrushaji ndiye anayerusha mpira, mpigaji anaukabili kwa gongo, na mchezo mmoja una ngwe tisa.) Msimamo wangu ni kwamba si kosa. Na ukiwa unalipa, lipa kwa warushaji. Wapigaji baki nao.

Huku biashara haiendi kwa ada ya usajili kama kwenye mpira wa miguu, eti ubebe bilioni mbili uondoke na straika. Klabu zinabadilishana mtu kwa mtu. Kinda ana thamani kwa sababu akipanda ligi kuu klabu inakuwa naye miaka sita kabla hajawa huru, na ile mitatu ya mwanzo analipwa kima cha chini au karibu na hapo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 760,000. Kwetu ni utajiri wa ukoo mzima, kwa klabu ni chenji. Boston walipotaka kumfunga Garrett Crochet asiondoke walitoa dola milioni 170 kwa miaka sita.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Lansing. Kuna mzee mmoja kapita themanini, ana redio ya betri aliyoifunga rababendi kwa sababu kifuniko cha nyuma kilishapotea. Nikimpelekea dawa saa tatu usiku ananikalisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwitikia tu ili niondoke. Mwaka wa pili nikaanza kuelewa. Na siku ukitaka asimalize supu yake, mtajie Doyle Alexander.

Agosti 12, 1987. Tigers wanafukuzana na Toronto kileleni mwa kundi na wanahitaji mrushaji. Atlanta, waliokuwa hoi, wanaye Alexander, miaka 36, kasi imekwisha, anaishi kwa ujanja. Detroit wanampata. Wanachotoa ni kijana wa miaka 20 aliyekuwa ligi ndogo kule Glens Falls, New York, ameshinda 4, amepoteza 10, wastani wake pointi 5.68 alizoruhusu kwa kila ngwe tisa (wastani huu ukiwa mdogo ndiyo uzuri, na 5.68 ni mbaya). Alichaguliwa raundi ya 22 mwaka 1985. Na ni kijana wa hapa hapa, kakulia Lansing, ukoo mzima wa Tigers. Jina lake John Smoltz.

Alexander akaanza mechi 11 kwa Detroit. Alishinda 9, hakupoteza hata moja, wastani 1.53. Toronto wakaja Detroit wikiendi ya mwisho, wakachapwa zote tatu, Tigers wakalichukua kundi kwa mechi mbili. Mtoe Alexander pale uone kama kundi linapatikana. Kwenye mtoano na Minnesota akafungwa mara mbili na safari ikaishia hapo. Mwaka 1989 alipoteza mechi 18, akastaafu.

Smoltz? Ushindi 213, mechi 154 alizoingia mwishoni akalinda ushindi, ubingwa 1995, Cy Young 1996, Jumba la Heshima 2015.

Watu wanaiita biashara mbovu kuliko zote. Mimi nasema Detroit walinunua miezi miwili na wakapewa miezi miwili mizuri kuliko waliyoomba. Aliyetolewa siku ile hakuwa yule mzee wa Jumba la Heshima, alikuwa kijana wa 4 kwa 10.

Karibuni na mawe.

MTAA WA SABA

Naweka kiti hapa. Chai ya tangawizi ipo jikoni.

FUNDI SAA

Mkuu hii si ndiyo kriketi?

MPWA WA LANSING

Hapana mkuu. Kriketi uliza Upanga.

KOCHA MSTAAFU

Mpwa, nakuunga mkono, ila sababu zangu ni nyingine. Wewe umehesabu ushindi, mimi nitazungumzia kiwiko.

Nimefundisha vijana kurusha miaka kadhaa Dar, uwanja wa Azania na viwanja vingine vya kuazima. Kijana wangu mzuri kuliko wote alikuwa wa mkono wa kulia. Siku moja nikamwona kabeba begi la vifaa kwa kushoto. Nikamuuliza, akasema amechoka tu. Kesho yake nikamwona anakunywa chai kwa kushoto. Nikampa wiki sita asiguse mpira, akaninunia mpaka mama yake akanipigia simu. Mrushaji akiumwa hasemi, anaogopa nafasi yake. Mwangalie anavyoshika kikombe.

Ndani ya kiwiko kuna kano fupi inayoshikilia mfupa wa mkono wa juu na wa chini. Kila mpira wa kasi unaivuta. Ikikatika, daktari anachukua kano nyingine, mara nyingi ya mkono karibu na kifundo au ya nyuma ya paja, anaifuma pale. Dk. Frank Jobe alimfanyia Tommy John mwaka 1974, na mpaka leo operesheni inaitwa kwa jina la mgonjwa. John alirudi akashinda mechi 164 zaidi, jumla 288. Lakini ni mwaka mzima hadi mwaka na nusu nje, na wapo wasiorudi kama walivyokuwa.

Sasa mnapoambiwa klabu ina warushaji watatu chipukizi wa hatari, kumbukeni Mets wa katikati ya miaka ya 90. Bill Pulsipher, Jason Isringhausen, Paul Wilson. Wilson ndiye aliyechaguliwa namba moja nchi nzima 1994. New York ilishawavika mataji kabla hawajakomaa. Wote watatu waliumia. Isringhausen peke yake ndiye aliyekuja kuwa mkubwa, tena kwa kazi nyingine, ya kuingia mwishoni kufunga mechi, na tena kwenye klabu za watu. Brien Taylor, namba moja wa 1991, Yankees walimpa dola milioni 1.55, akaharibu bega kwenye ugomvi, si uwanjani, Desemba 1993. Hakufika ligi kuu.

Hata huyo Smoltz wenu alikosa msimu wote wa 2000 kwa kisu hicho hicho. Kwa hiyo kijana wa kurusha ukimtoa leo, umetoa kitu ambacho kesho asubuhi kinaweza kuwa hakipo.

BINTI KAGERA

Kocha shikamoo. Mleta uzi pole na baridi.

Mimi besiboli naijua kwa mume wangu tu, yeye ndiye anakesha nayo, lakini hii biashara mnayoisema sisi Kagera tunaijua kwa jina. Inaitwa butura. Mtu ana shamba la kahawa, mti uko kwenye ua, punje haijaonekana. Ghafla kuna msiba, au mtoto kafukuzwa ada. Anakuja bwana mwenye pesa mkononi, anainunua kahawa ikiwa bado ua, kwa bei anayotaka yeye. Msimu ukifika anakuja kuvuna mtini kwako huku unamtazama.

Detroit 1987 walifanya butura. Walikuwa na shida ya Agosti, Atlanta wakawapa hela ya Agosti. Sasa unatuambia mkulima hakukosea kwa sababu msiba ulizikwa vizuri? Waliovuna ni wengine.

MPWA WA LANSING

Dada yangu, umenipiga mahali penyewe, ila ngoja. Kwenye butura nani anabeba hatari ya ua kupukutika? Si mnunuzi? Mvua ya mawe ikipiga, mwenye shamba keshazika, keshalipa ada, hela yuko nayo. Mnunuzi ndiye anayebaki na matawi. Na Kocha ametuambia ua la mkono wa kurusha linapukutika kuliko la kahawa. Sasa kama linapukutika hivyo, kwa nini nisiuze likiwa bado linapendeza?

BINTI KAGERA

Unauza, sawa. Ila mnunuzi wa butura hanunui mti mmoja. Anazunguka kijiji kizima, ananunua kwa huyu miti mitano, kwa yule kumi. Ya huyu ikipukutika ya yule inamlipa. Wewe mwenye shamba una miti mingapi? Ndiyo maana yeye anatajirika na hatari yake na wewe unabaki na usalama wako bila sukari ndani.

MTAA WA SABA

Dada kaua. Nakazia.

KOCHA MSTAAFU

Binti, hilo ndilo lililotokea Atlanta, na nimelifundisha miaka yote bila kupata maneno yake. Braves hawakumchukua Smoltz peke yake wakakaa kusubiri. Tom Glavine walishamchagua 1984. Steve Avery wakamchagua 1988. Waliweka mikono mingi kwenye ghala, na Smoltz alipopanda 1988 alianza kwa kushinda 2 na kupoteza 7, wala hawakushtuka, timu yenyewe ilikuwa inaburuza mkia. Walikuwa na nafasi ya kungoja, Detroit hawakuwa nayo.

Halafu kuna kichekesho cha historia. Fainali ya 1991, mechi ya saba, Smoltz wa Atlanta alisimama kilimani, pale pa mrushaji, dhidi ya Jack Morris. Morris ndiye aliyekuwa nguzo ya Tigers 1987, na Smoltz alikua akimhusudu. Morris alirusha ngwe kumi peke yake, Minnesota wakashinda 1 kwa 0. Kijana alizuia ngwe saba na zaidi bila kuruhusu kitu na bado akarudi nyumbani mikono mitupu.

MKONGO WA MONTRÉAL

Ndugu zangu, jambo. Miye niko Montréal tangu zamani, nimetoka Bukavu. Mnaongelea kilio cha Detroit na sisi tulilia mara mbili, nyinyi angalau timu mnayo.

Mei 1989 Expos wakasema mwaka huu ni wetu. Wakamleta Mark Langston kutoka Seattle. Akarusha vizuri, wastani 2.39, hatukuwa na la kumlaumu. Mwanzoni mwa Agosti tulikuwa kileleni, halafu tukaanguka mpaka tukamaliza 81 kwa 81. Langston akawa huru, akaenda Angels. Tuliyempeleka Seattle pamoja na wenzake wawili alikuwa jamaa mrefu kama mnazi, hajui mpira wake unaelekea wapi. Randy Johnson. Cy Young tano, ushindi 303.

Juni 2002 tena. Wakati ule Expos walikuwa mali ya ligi yenyewe na watu walikuwa wanasema timu itafutwa. Meneja mkuu Omar Minaya akaona kama kesho haipo, atunze mbegu za nini? Akamleta Bartolo Colón kutoka Cleveland. Akatoa Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips, na Lee Stevens juu yake. Colón alishinda 10 akapoteza 4, timu ikamaliza 83 kwa 79, hakuna mtoano. Januari Colón akapelekwa Chicago. Cliff Lee alichukua Cy Young 2008 kwa 22 kwa 3. Wale wengine wawili wakawa nyota pia.

Hiyo ya 1989 nimeisamehe. Ya 2002 namwelewa Minaya kuliko watu wanavyofikiri. Mtu aliyeambiwa nyumba itabomolewa hapandi mwembe. Tatizo nyumba haikubomolewa, ilihamishwa. 2005 ikaamkia Washington.

FUNDI SAA

Nimeanza kuelewa. Kumbe ni kama kumtoa kijana wa akademi umpate mzee wa Kongo mwenye mabao 20.

MPWA WA LANSING

Fundi, karibu sana. Ndivyo hasa, isipokuwa huyu kijana wa akademi goti lake limetengenezwa kwa karatasi.

Mkongo, asante, umeniuma. Ila tazama kitu: wale watatu mliowapeleka Cleveland 2002 wakaja kutamba, wawili walikuwa si warushaji. Sizemore alikuwa mchezaji wa nje, Phillips wa ndani. Minaya angelipa kwa warushaji watupu asingelaaniwa hivi. Narudi pale pale.

JIRANI WA KANSAS CITY

Mpwa ngoja nikusaidie, maana mimi nilikuwepo barabarani siku ya gwaride la 2015, shuleni hakuna mtu, kazini hakuna mtu.

Julai 26, 2015 Royals walimchukua Johnny Cueto kutoka Cincinnati. Walitoa warushaji watatu, wote wa mkono wa kushoto: Brandon Finnegan, Cody Reed, John Lamb. Huyo Finnegan mwaka mmoja nyuma alikuwa amerusha kwenye fainali za vyuo na kwenye World Series, yaani fainali ya ligi kuu, msimu huo huo mmoja. Watu waliumia moyo kumwona anaondoka.

Cueto alikuja akawa wa hovyo! 4 kwa 7, wastani 4.76. Tulimtukana kwenye kila baa. Kwenye mtoano Toronto walimchapa pointi 8 akiwa hajamaliza hata ngwe ya tatu. Lakini mechi ya tano na Houston, ya kufa au kupona, alirusha ngwe nane akaruhusu watu wawili tu kupiga. Na mechi ya pili ya World Series na Mets akarusha ngwe zote tisa, pigo mbili, pointi moja. Ubingwa wa kwanza tangu 1985. Baada ya hapo akaondoka, na hatukumdai kitu.

Wale watatu wa Cincinnati: Lamb 1 kwa 5 mwaka ule ule. Reed 2016 alikuwa 0 kwa 7, wastani 7.36. Finnegan alipata msimu mmoja mzuri kiasi, 10 kwa 11, majeraha yakamshika. Cincinnati walifanya butura ya upande wa pili, walinunua maua ya miti mitatu na yote yakapukutika.

MCHOMA MAHINDI

Kansas City mna bahati tu msijione wataalamu. Pittsburgh je? Julai 31, 2018 Pirates wakamtaka Chris Archer kutoka Tampa Bay. Wakatoa Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz. Watatu! Archer 2019 alikuwa 3 kwa 9, wastani 5.19. 2020 hakurusha hata mpira mmoja kwa sababu ya operesheni. Mwaka 2020 Glasnow ndiye aliyeanza mechi ya kwanza ya World Series akiwa na jezi ya Tampa.

Usiache mbachao kwa msala upitao, ndugu zangu.

JIRANI WA KANSAS CITY

Hapo mbachao ni nani na msala ni nani? Mimi naona aliyezoeleka ndiye mbachao, kinda ndiye anayepita.

MCHOMA MAHINDI

Mbachao ni ulichokuwa nacho nyumbani. Usinichoshe.

MPWA WA LANSING

Mchoma Mahindi, ya Archer siitetei. Ile ilikuwa mbovu siku ile ile, si lazima usubiri historia. Pirates hawakuwa karibu na ubingwa, na walilipa watu watatu kwa mtu ambaye wastani wake ulishaanza kupanda kabla hawajamgusa.

Lakini fuatilia mikono. Glasnow alikwenda kisuni 2021. Baz akaenda 2022. Aliyewapa Tampa faida ya haraka bila daktari ni Meadows, mpigaji, aliyeitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi 2019. Hata pale mlipoibiwa, mikono ndiyo iliyochelewa kulipa.

Na sasa niwape kitu cha Detroit tena, kwa sababu sisi tumekaa pande zote mbili za meza. Wiki ile ile ya Cueto, Julai 30, 2015, Tigers ndio walikuwa wauzaji. Walimpeleka David Price Toronto, wakapokea warushaji watatu, na hawa nao wote wa kushoto: Daniel Norris, Matt Boyd, Jairo Labourt. Price akawapa Toronto 9 kwa 1, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Norris ndiye aliyekuwa kito. Toronto walishampa dola milioni mbili alipotoka shule, na bado wakati wa mazoezi ya Florida alikuwa analala ndani ya basi lake kuukuu la Volkswagen la 1978, kaliegesha nyuma ya duka la Walmart, anapika kwa jiko dogo la gesi. Mzee wangu wa redio alimpenda mno. Anasimulia mpaka leo siku Norris alipopiga homurani, pigo linalovuka uzio, kwenye zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga ligi kuu, kule Chicago, Agosti ile ile. Mrushaji! Halafu ikaja kujulikana kwamba msimu wote ule alikuwa akirusha akiwa na saratani ya tezi ya shingo. Akatibiwa, akarudi, lakini yule nyota tuliyeahidiwa hakuja. Boyd alifanya kazi ya heshima miaka kadhaa, na nyota yake imekuja kung'aa 2025 akiwa Cubs ya Chicago. Miaka kumi baadaye. Mti unazaa shamba likiwa la mwingine.

Agosti 31, 2017 tukarudia. Justin Verlander kwenda Houston, karatasi zikisainiwa dakika za mwisho kabla ya saa sita usiku. Kichwa cha mzigo tuliopewa kilikuwa Franklin Pérez, mrushaji wa miaka 19. Majeraha yalimla, ligi kuu hakuiona. Verlander akawapa Houston 5 kwa 0 mwezi ule, wastani 1.06, kisha ubingwa, kisha Cy Young mbili. (Ubingwa ule una doa la wizi wa ishara, huo ni uzi mwingine, msianze.) Unajua nani alidumu Detroit kutoka mzigo ule? Jake Rogers, mdakaji. Si mrushaji.

Kwa hiyo nikirudi kwa Skubal: anayekuja mlangoni Detroit akiwa na kapu la warushaji wachanga, afungiwe mlango. Alete wapigaji, au asilete kitu.

BINTI KAGERA

Huyo Skubal wenyewe mlimpata vipi?

MPWA WA LANSING

Raundi ya tisa, 2018. Alikuwa ameshafanyiwa ile ya Tommy John akiwa chuo, timu nyingi zikamwogopa. Akapasuliwa tena mkono 2022. Aliporudi ndipo akawa huyu. Na raundi ya kwanza mwaka ule ule, namba moja ya nchi nzima, Tigers walimchukua Casey Mize, naye akaenda kisuni 2022.

BINTI KAGERA

Basi ni mti uliokatwa ukachipua. Kwetu mkahawa ukizeeka tunaukata karibu na chini, wageni wanadhani tumeuua, mwaka wa tatu unazaa kuliko jirani zake. Mmepata mti wa bure sasa mnataka kuuuza kwa maua.

Nimebadilika kidogo lakini. Shamba lako likiwa na miti mingi, uza ua. Likiwa na mti mmoja, kopa kwa jirani.

MPWA WA LANSING

Nakubali nusu. Kosa la Detroit 1987 basi si kumtoa Smoltz, ni kwamba nyuma yake shamba lilikuwa kavu. Baada ya ile 1987 mtoano hatukuuona tena mpaka 2006. Smoltz peke yake asingetubeba miaka yote hiyo.

KOCHA MSTAAFU

Angewabeba siku moja kila siku tano.

MCHOMA MAHINDI

Kuna kitu kimoja mmekiruka. Pirates hao hao walimsaini 2023 kijana wa Uganda, David Matoma, mrushaji, mpira wa kasi kweli kweli. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, alipitia Pirates pia, 2017. Sasa fikiria wanamtoa Matoma kesho wapate mzee wa miaka 34 wa miezi miwili. Mtakaa hapa mnasema ni biashara nzuri?

MPWA WA LANSING

Nitasema ni biashara nzuri huku nalia.

MKONGO WA MONTRÉAL

Ndiyo besiboli hiyo.

MTAA WA SABA

Mimi kama mimi, wakimuuza Mganda kwa mtu wa miezi miwili nahamia kriketi.

FUNDI SAA

Nimesoma uzi wote, nimechelewa kufungua kibanda. Swali moja wakuu: huyo Smoltz yuko timu gani msimu huu?

MPWA WA LANSING

Hachezi tena Fundi, ana umri wa babu. Siku hizi ni mchambuzi, ndiye anayechambua World Series kwenye televisheni ya Fox. Oktoba ikifika tunakusanyika ukumbini wote, TV kubwa, popkoni. Mzee wangu anaomba rimoti, anazima sauti, anaiweka ile redio ya rababendi mapajani. Redio inatangulia picha kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo kila pigo tunalisikia kwake kabla hatujaliona, na hakuna anayethubutu kumwambia arudishe sauti.